Hamsini na Nne na Dele la Mzee Shomari

Ukifika Bagamoyo ukaniulizia kwa jina nililopewa na marehemu baba yangu, Kassimu, utazungushwa mji mzima na usinipate. Ulizia Hamsini na Nne. Hata muuza samaki atakushika mkono akulete mpaka mlangoni. Wapo watoto hapa mtaani wanaodhani hiyo ni namba ya nyumba yangu, na mjukuu wangu mmoja alimwambia mwalimu wake kwamba babu ana miaka hamsini na minne, wakati nilikuwa nimeshaipita sabini. Huyo sikumsahihisha.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa mitambo kwa sababu juzi mmoja wenu alinijia na swali la kompresa. Alibonyeza simu yake, jibu likatoka kabla sijavaa miwani. Na lilikuwa jibu sahihi. Nikamuuliza, "Sasa bomba hilo ukilishika, litakuunguza au halitakuunguza?" Akaitazama simu. Nikamwona Kassimu wa miaka ile amekaa mbele yangu, ila jibu la Kassimu lilikuwa bovu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka chuoni Dar es Salaam na cheti, suruali mbili zilizopigwa pasi, na rula ya kukokotolea, ile yenye ulimi katikati unaoteleza. Rula ile niliining'iniza kiunoni kwenye ala yake ya ngozi, kama askari na kisu chake. Nilikwenda nayo sokoni, nilikwenda nayo harusini. Siku moja mama aliniuliza kama ni dawa niliyopewa na mganga.

Nilipangiwa kazi kwenye karakana moja ndogo, njia ya kwenda Mbegani. Tulikuwa tukitengeneza matishari na mashua za chuma. Chuma kikikaa baharini hushika kutu, na kutu ile mafundi waliibandua kwa nyundo zinazoendeshwa na hewa. Hewa ilitoka kwenye kompresa iliyokaa peke yake ndani ya banda la mabati, mashine kuukuu iliyoletwa na lori kutoka shamba moja la mkonge huko upande wa Pangani. Aliyeifungua kule, akaipakia, akaifunga tena hapa na kuitunza miaka yote hiyo, ni Mzee Shomari.

Mzee Shomari alikuwa mtu wa mji mkongwe, mwembamba, kofia ya viua kichwani hata akiwa amelala chini ya mashine, na tasbihi mfukoni mwa shati. Shule yake ilikuwa chuo cha Kurani na bahari. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akaitazama rula yangu kwa adabu kubwa, kama mtu anayetazama kilema cha mwenzake.

Siku hiyohiyo alinipa pampu ya baiskeli. "Ziba mdomo wake kwa kidole, halafu sukuma." Nikasukuma mara kumi, mara kumi na tano. "Shika hapo chini." Nikashika, nikaachia upesi. Akaniambia, "Hewa haipendi kusongwa. Ukiisonga inakasirika, na hasira yake ni joto. Pampu hii umeisukuma kwa mkono mmoja. Ile pale inasukumwa na mota ya nguvu za farasi ishirini na tano, kutwa nzima. Basi piga hesabu mwenyewe." Wanangu, somo zima la kusindika hewa lilikuwa ndani ya maneno hayo. Mimi nilisema ndiyo Mzee, nikapangusa kidole, nikarudi kwenye vitabu vyangu ambako mambo yalikuwa magumu zaidi na kwa hiyo, niliamini, ya kweli zaidi.

Sasa niwaeleze habari ya dele, maana bila dele hakuna kisa. Dele ni lile birika la shaba la kahawa mnaloliona kwa wauza kahawa. Mzee Shomari alikuwa amechomelea kisahani cha chuma juu ya bomba la kompresa, pale hewa iliyosongwa inapotokea. Kila asubuhi saa nne alijaza dele maji, akaliweka juu ya kisahani, akaanza kuvuta tasbihi. Punje tisini na tisa ni mzunguko mmoja. Maji yakichemka kwenye mzunguko wa tatu, alitia kahawa na tangawizi, tukanywa. Yakichemka kwenye mzunguko wa pili, alikunja uso. Yakichemka kabla mzunguko wa kwanza haujakwisha, hapakuwa na kahawa: alizima mashine, akasafisha valvu, akabadilisha maji ya kupozea, akaiacha ipoe ndipo aiwashe.

Nilikunywa kahawa hiyo miezi mitatu. Shikeni hapo. Miezi mitatu, kila asubuhi, mtaalamu mwenye cheti alikunywa kahawa iliyochemkia juu ya lile bomba, akaomba na kikombe cha pili.

Ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mzee Shomari aliliosha dele, akalifunga kwa kitambaa, akalitia kwenye sanduku la vyombo. Na kuanzia siku hiyo akawa anaizima kompresa kila baada ya saa moja, kwa robo saa nzima. Nyundo zinanyamaza, mafundi wanakaa kivulini, yeye anakaa mlangoni pa banda na tasbihi yake.

Meneja wetu alikuwa Bwana Lukasi, mtu wa bara, mchapakazi na mwenye roho nzuri, lakini alikuwa na matishari mawili ambayo lazima yaingie majini mara baada ya Idi. Kila nyundo zikinyamaza alitoka ofisini akitazama saa. Siku ya nne akamwendea Mzee.

"Mzee, mbona mashine inasimama kila mara? Mwezi uliopita haikuwa hivi."

Mzee Shomari akainuka kwa heshima. "Mashine nayo ina Ramadhani yake, bwana."

Mafundi wakacheka. Bwana Lukasi hakucheka. Aliona mzee aliyefunga, aliyechoka, anayejipumzisha kwa kisingizio cha mashine, na juu ya hayo anamfanyia mzaha. Akaniita ofisini.

"Kassimu, wewe ndiye msomi wetu. Nipigie hesabu. Ni mashine inayohitaji kupumzika, au ni mzee?"

Hapo ndipo penye kosa langu la kwanza, na halikuwa la hesabu. Mimi nilikuwa nimefunga kama Mzee. Nilimjua. Ningeweza kusema, "Bwana meneja, nipe dakika tano nikamuulize kwa nini." Badala yake niliipapasa rula yangu. Miezi mitatu nilikuwa nikingoja mtu aniambie nipige hesabu.

Nilifunga mlango siku mbili. Hesabu yenyewe nitawaeleza, haiumi. Unatazama kwanza hewa umeisonga mara ngapi. Geji ilisoma ratili mia kwa kila inchi ya mraba. Lakini geji haihesabu uzito wa hewa ya dunia inayotukandamiza sote, ratili kumi na tano hivi, kwa hiyo unaziongeza pande zote mbili: mia na kumi na tano za kutoka, gawanya kwa kumi na tano za kuingia, unapata karibu mara nane. Wanafunzi wengi husahau hizo kumi na tano. Mimi sikusahau! Nilifurahi hadi nikasimama nikatembea chumbani. Kisha unaiendea logi, unapata kwamba ukiisonga hewa namna hiyo bila kuipoza, joto lake linazidishwa kwa moja nukta nane. Hewa ya Bagamoyo inaingia ikiwa na nyuzi thelathini. Thelathini mara moja nukta nane ni hamsini na nne.

Nyuzi hamsini na nne. Nikaipigia mistari miwili.

Nguvu ya mota inatokana na joto hilohilo, maana kazi yote unayoitia kwenye hewa inageuka kuwa joto. Unachukua tofauti ya joto la kutoka na la kuingia, unazidisha kwa uzito wa hewa inayopita na kwa kiasi cha joto ambacho hewa hubeba. Tofauti yangu ilikuwa nyuzi ishirini na nne. Jibu likaja: farasi wawili kasoro.

Mota iliyokuwa bandani, kwa maandishi ya kibati chake, ilikuwa ya farasi ishirini na tano. Mtu mwenye akili timamu angesema, "Kassimu, hapa umekosea mahali." Mimi nilisema waliounda mashine ile walikuwa wabadhirifu. Nikaandika ripoti, nikaipigisha chapa. Nilieleza kwamba hewa inatoka na joto la maji ya kuogea, kwamba kuisimamisha mashine hakuna sababu ya kitaalamu, na mwishoni, bila kuombwa, nikapendekeza mota ile kubwa ihamishiwe kazi nyingine na pale pafungwe ya farasi watatu. Watatu, kwa usalama.

Bwana Lukasi alisoma, akanipa mkono. Siku hiyohiyo Mzee Shomari alipelekwa stoo kuhesabu bolti, na mimi nikakabidhiwa banda. Karani aliniambia kuna barua imechapwa kwenda makao makuu Dar es Salaam: Mzee aachishwe kazi kwa uvivu. Ingeondoka na lori la Jumamosi. Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi apumzike kwa heshima, na neno uvivu lilikuwa liende likakae kwenye jalada lake milele, na ushahidi wake ulikuwa karatasi yangu.

Mzee alinikabidhi funguo na tambara la kufutia mafuta. Hakukasirika.

"Bomba umelipima?"

"Nimelikokotoa, Mzee."

"Haya, baba. Ukisikia harufu, zima."

Nikamjibu ndiyo kama unavyomjibu shangazi anayekwambia usisahau kandambili.

Niliiendesha kompresa ile siku mbili bila kuizima ila magharibi. Nyundo zilipiga bila kukoma, Bwana Lukasi alipita akinipungia. Siku ya pili, Alhamisi, rangi ya bomba ilianza kujikunja na kubanduka. Nikaandika kwenye daftari kwamba rangi zinazonunuliwa siku hizi hazina ubora.

Alasiri ikaja harufu. Harufu ya mafuta ya moto. Nyinyi ambao mmewahi kufunga mnajua saa kumi alasiri pua inavyokuwa. Nikafumba macho. Niliziona sambusa, niliziona bajia, nilimwona mama akigeuza vitumbua. Nikasema moyoni, leo majirani wa karakana wameanza kukaanga futari mapema. Nilimeza mate, nikaogopa isije ikawa nimeharibu saumu, nikasema astaghfirullahi. Mafuta yaliyokuwa yakiungua yalikuwa ya mashine yangu, hatua tatu kutoka niliposimama.

Mzee Shomari aliisikia harufu ile akiwa stoo, upande wa pili wa uwanja. Nilimwona anakuja mbio, kofia mkononi, mzee ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikinyesha. Hakunisalimu. Alivuta swichi. Mashine ikazunguka, ikalegea, ikanyamaza, na katika kivuli cha banda nikaona doa jekundu kwenye bomba, karibu na valvu, jekundu kama kaa la jikoni.

Mafundi wa nyundo walikuja kuuliza hewa imekwenda wapi, wakasimama mlangoni. Tulingoja lile doa lififie, likawa jeusi. Hapo Mzee akafungua sanduku, akalitoa dele, akachota maji kwenye pipa, akaliweka juu ya kisahani. Akatoa tasbihi. Mashine ilikuwa imeshazimwa, wanangu, na bado bomba liliyachemsha maji yale kabla hajafika punje ya ishirini. Mvuke ukapanda mbele ya uso wangu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ndiyo hamsini na nne?"

Kicheko kilitokea mlangoni. Jina nililo nalo leo nilipewa hapohapo, na aliyenipa hakuchinja hata kuku.

Bomba lilipopoa tulifungua valvu, yeye na mimi, tukakwangua masizi mpaka ikakaribia adhana ya magharibi. Akanionyesha: mafuta ya kulainishia hupanda na hewa, hewa ikizidi moto yanaungua, yanaacha masizi, masizi nayo yanashika moto. "Humu ndani mna hewa iliyosongwa, mna mafuta, mna moto. Unajua inaitwaje hiyo? Inaitwa bomu. Na mwisho wa mpira wa hewa wameshika wale watoto wa watu." Niliogopa. Jioni ile woga uliizidi aibu. Nilikuwa nimewaona mafundi wale wakicheka mlangoni, nikawahesabu, walikuwa tisa.

Nyumbani nilifungua daftari langu la chuo. Ukurasa wa hewa, pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa wino mwekundu: *Joto, ongeza 273.* Mwalimu alirudia mpaka akachoka. Nyuzi tunazotumia zimeanza kuhesabiwa kwenye barafu, kwa sababu wanadamu tunajali maji. Hewa haina habari na barafu. Yenyewe inahesabu kutoka kwenye sifuri ya kweli, pale ambapo hakuna joto kabisa, chini ya barafu kwa nyuzi mia mbili sabini na tatu. Kwa hiyo hewa yetu haikuingia na thelathini, iliingia na mia tatu na tatu. Zidisha kwa moja nukta nane: mia tano arobaini na tano. Rudisha zile mia mbili sabini na tatu. Zinabaki mia mbili sabini na mbili. Maji ya kupozea yanaipunguza kiasi, lakini sambusa inakaangika kabla ya hapo. Nikarudia na nguvu: farasi kumi na tisa, ongeza msuguano na upotevu, ishirini na tano. Waliounda mashine hawakuwa wabadhirifu hata kidogo. Nilikumbuka ratili kumi na tano za presha nikajisifu, nikasahau mia mbili sabini na tatu za joto.

Niwape faida hapa kabla sijasahau, maana aibu bila faida ni hasara tupu. Hewa ya kuingia ichote mahali penye ubaridi, kivulini, si nyuma ya mota. Kama presha unayotaka ni kubwa, usiisonge hewa mara moja. Isonge nusu ya safari, ipoze, kisha uimalizie. Mashine yetu ingekuwa ya namna hiyo, kila hatua ingetoa hewa ya nyuzi mia na thelathini na kitu tu, na farasi wawili watatu wangepumzika. Na bomba usilipime kwa kiganja. Dondosha tone la maji: likitiririka, endelea na kazi; likichemka papo hapo, kaa macho; likirukaruka kama punje ya bisi, zima kwanza halafu ndiyo ufikiri. Miaka mingi baadaye, tukichimba kisima Fukayosi, kijana wangu mmoja mwenye kikokotoo kipya alinipa jibu la farasi wanne kwa mashine ya arobaini. Sikumcheka. Nilimpa chupa ya maji nikamwambia adondoshe.

Turudi kwenye Alhamisi ile. Nilikaa na karatasi mbili mbele yangu, na nitawaambia kweli: nilifikiria kunyamaza. Doa jekundu ningesema ni mafuta mabaya. Bwana Lukasi alikuwa safarini Kiwangwa, hakuona kitu. Lori lingeondoka Jumamosi, Mzee angeondoka baada yake, na mimi ningebaki msomi. Nilikula daku bila hamu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Bwana Lukasi ofisini, nikampa karatasi ya pili. Akaisoma, akaitoa ya kwanza, akaziweka pamoja.

"Juzi hamsini na nne. Leo mia mbili sabini na mbili. Kesho utaniletea elfu moja. Niamini ipi?"

"Usiamini karatasi, bwana meneja. Twende tukaulize dele."

"Dele?"

Ilinibidi nilifuate sandukuni. Basi saa tano mchana, Ijumaa ya Ramadhani, mji mzima ukiwa umefunga, mimi Kassimu nilikatiza uwanja wa karakana nikiwa nimeshika dele la kahawa mkononi. Nje ya uzio walikuwa wakipita watu wanaokwenda msikitini mapema. Walisimama. Mmoja alitikisa kichwa akaenda zake haraka, na nikajua habari inatangulia.

Mzee aliitwa kutoka stoo, akaiwasha mashine taratibu. Ilipofika ratili mia na kuchanganya, nikalijaza dele maji, nikaliweka juu ya kisahani. Bwana Lukasi alitazama saa yake ya mkono, Mzee tasbihi yake. Maji yalichemka.

"Maji yanachemka kwa nyuzi mia," nikasema. "Bomba la nyuzi hamsini na nne haliwezi kuyachemsha hata likisomewa hitima. Ripoti yangu ni ya uongo, bwana meneja. Sikukusudia, lakini ni ya uongo. Mzee alikuwa anaiokoa mashine, na sisi tuliomo."

Bwana Lukasi aliinama akautazama mvuke. Kisha akamgeukia Mzee Shomari. "Mzee wangu, kwa nini hukuniambia?"

Mzee akashusha macho. "Bwana, kipimo changu ni hicho. Kwa mwezi mtukufu, niweke dele la kahawa motoni mchana kweupe, nani katika mji huu angeamini ni la kupimia? Nikaona bora niizime kila saa, kwa kubahatisha. Kuitwa mvivu nilivumilia. Kuitwa kobe, na umri huu, nisingeweza."

Kobe ndilo jina tunalompa mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Bwana Lukasi hakulijua, nikamweleza. Akatazama dele, akanitazama mimi niliyelikatizia uwanja, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Nisamehe, Mzee." Tuliongozana naye ofisini, akaitoa barua kwenye bahasha, akaichana mbele yetu mara nne.

Adhuhuri msikitini safu niliyosimama ilikuwa na nafasi kushoto na kulia. Habari zilikuwa zimefika: Kassimu wa karakana anapika kahawa mchana, tena hadharani, ndiyo elimu ya Dar es Salaam hiyo. Mzee Shomari aliingia, akaiona ile nafasi, akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu, "Sogeeni wenzangu, kijana ana saumu kuliko nyinyi." Wakasogea. Niliinamisha uso ili nisionekane.

Baada ya sala akanishika mkono. "Leo futari kwangu."

Nilikwenda. Mkeka ukatandikwa barazani, tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, samaki. Adhana ilipolia tukafungua kwa tende. Nikaanza kuomba radhi, maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Mzee akainua kiganja kunizuia. Akalivuta dele kutoka kwenye makaa, lilelile, likiwa linatokota, akanimiminia kikombe mpaka ukingoni, akanisogezea. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Kunywa, baba," akasema. "Ni hamsini na nne tu."

Nilikinywa chote, bila kupuliza. Ile futari nzuri ya mkewe, mpaka leo siwezi kuwaambia ilikuwa na ladha gani.